Makinda na Mama: Neno kwa Wenye Mashamba ya Miti

(Kumbukumbu la Torati 22:6-7)



Katika Torati mna amri moja ndogo ambayo wasomaji wengi huipita upesi, kana kwamba haina neno kwa Mkristo. Yamhusu mtu aendaye njiani, akaona kiota cha ndege, mtini au chini, na mama amewaatamia makinda. Mungu hamkatazi mtu huyo kula. Makinda aweza kuwachukua. Bali mama hana ruhusa kumtwaa pamoja nao, sharti amwache aende. Na amri hii ndogo imetiwa ahadi kubwa, yaani heri na siku nyingi. Ndiyo ahadi ile ile tuliyofundishwa utotoni katika amri ya nne, ya kuwaheshimu baba na mama.

Kwa nini ahadi kubwa namna hii kwa ajili ya kiota? Kwa sababu amtwaaye mama pamoja na makinda amekula chakula cha leo, na cha mwakani, na cha yule atakayepita njia ile nyuma yake.

Neno hili twalileta kwenu kwa sababu ya mashamba ya miti. Katika nyanda zetu za juu za kusini, Njombe, Makete na Mufindi, Wakristo wengi wamepanda misindano na milingoti katika ardhi yao wenyewe. Si msitu wa Serikali wala wa kampuni. Ni shamba la baba na mama wa nyumba. Twamshukuru Mungu kwa miti hiyo. Imeezeka nyumba, imesomesha watoto, imejenga makanisa. Lakini twaona pia jambo la kutuhuzunisha. Miti ingali michanga, yapata miaka 8 au 9 tu, na nyumba imepatwa na shida ya ada, au ugonjwa, au arusi. Mnunuzi aja na fedha mkononi, na mwenye shamba auza yote iliyosimama kwa siku moja. Msindano wa kutoa mbao nzuri wataka miaka 18 hata 25. Basi aliyeuza wa miaka 9 ameuza katikati ya safari, na unene ambao miti ingaliupata ameutupa bure.

Wala hatusemi haya kama watu wasio na doa. Sisi nasi tuliachiwa shamba la miti na baba yetu. Mwaka mmoja ada zilitulemea, tukauza lote, bila kuhesabu hata mti mmoja. Fedha ile ilikwisha kabla mvua hazijanyesha. Shamba likabaki visiki na majani miaka mingi, na mtoto wetu wa kwanza akatuuliza, "Baba, miti ya babu i wapi?" Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile twaisoma amri ya kiota kwa macho mengine.

Makinda ni yale ambayo shamba latuzalia mwaka kwa mwaka. Mama ni ule uwezo wa shamba kuzaa tena: udongo wake, maji yake, machipukizi yake, na miti ambayo wakati wake haujafika. Watu wa nchi ya Luther walijifunza jambo hili kwa taabu. Baba yake Luther mwenyewe alikuwa na tanuru za kuyeyushia shaba huko Mansfeld. Na tanuru hula makaa, na makaa hula misitu. Yapata miaka 200 baadaye, mwaka 1713, Hans Carl von Carlowitz, mkuu wa migodi ya Saksonia, alitoa kitabu juu ya kupanda miti, kwa kuwa aliona hatari ya migodi kukosa kuni. Alifundisha kwamba watu wasikate kupita kiasi cha miti inayoota, na kwamba akataye na apande.

Basi tufanyeje?

Kwanza, tugawe shamba. Mwenye ekari 5 na apande ekari 1, na baada ya miaka 4 ekari ya pili, na hivyo hivyo hata ya tano. Miaka 20 ikitimia, ya kwanza itakuwa tayari. Tangu hapo atavuna ekari 1 kila miaka 4 na kuipanda tena, wala shamba lake halitakuwa tupu kamwe. Na ambaye miti yake yote ni ya umri mmoja, shida imfikapo na apunguze ile iliyopinda na iliyosongwa, aiache iliyonyoka inenepe.

Pili, tuvijue visiki vyetu. Kisiki cha mlingoti huchipuka. Tuache machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, mengine tuyaondoe. Kisiki cha msindano hakichipuki. Sharti tupande miche mipya mvua zianzapo.

Tatu, tuyaogope maji ya watu. Mlingoti hunywa sana. Usipandwe penye chemchemi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kando ya mito na vyanzo vya maji, shughuli za kudumu zisifanyike humo. Anayekausha kijito amemtwaa mama wa jirani yake.

Nne, moto. Kabla ya kiangazi kuwa kikali, tusafishe njia za kuzuia moto, jirani na jirani pamoja. Moto wa mtu mmoja anayeandaa shamba la mahindi waweza kuteketeza kwa alasiri moja kazi ya miaka 15 ya mwenziwe.

Labda mtu atasema, "Mimi ni mzee, mti huo sitauona ukipasuliwa." Mkumbuke Ibrahimu. Alipanda mkwaju huko Beer-sheba (Mwanzo 21:33) naye akali mgeni katika nchi ile, hata kaburi la mkewe alikuja kulinunua baadaye. Tena Mambo ya Walawi 25:23 yatufundisha ya kuwa nchi ni mali ya Bwana, na sisi tu wageni kwake. Tusemapo "shamba langu", twasema juu ya amana.

Mwingine atasema, "Mtoto wangu ni mgonjwa leo, miaka 20 itanisaidia nini?" Neno hilo ni zito, wala halijibiwi kwa mahubiri peke yake. Kwa hiyo, enyi wazee wa kanisa na waalimu wa mitaa, mkisikia ya kuwa ndugu ataka kuuza miti michanga kwa sababu ya shida, msimlaumu. Mwendeeni kabla ya mnunuzi kufika. Usharika na umkopeshe, au umchangie, ili mama abaki kiotani.

Na sisi tuliokwisha kukata yote, je, tumaini letu liko wapi? Kwa habari ya dhambi zetu sisi tu kama visiki vya misindano. Ndani yetu hamna chipukizi. Lakini nabii Isaya alitangaza ya kuwa katika shina la Yese lililokatwa litatoka chipukizi (Isaya 11:1), naye amekuja, ndiye Kristo. Yeye atusamehe tuliyoyaangamiza. Na aliyesamehewa huamka asubuhi, huchukua jembe na miche, huenda shambani kupanda kwa ajili ya mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Bwana aibariki kazi ya mikono yenu. Amina.