Jicho la Juu na Jirani wa Ukuta



Mnakumbuka Jumamosi ile ya tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka jioni, uji wa moto ukateremka mpaka karibu na uwanja wa ndege wa Goma. Setilaiti zilikuwa zikiutazama mlima huo siku zote. Lakini wataalamu waliochunguza vipimo walieleza baadaye kwamba hapakuwa na dalili ya wazi iliyotangulia.

Jicho hilo la juu lilifaa siku zilizofuata. Rada ya setilaiti huona usiku, huona hata penye mawingu. Ilipima ardhi inavyosogea, ikaonyesha kwamba moto umepenya chini ya mji hadi chini ya Ziwa Kivu. Tarehe 27 Mei gavana akaamuru kartie 10 kati ya 18 za Goma zihame. Watu wakakimbilia Sake, wengine Gisenyi.

Sasa nikuulize, ndugu yangu. Picha za kutoka juu huonyesha mabati ya mji mzima. Je, zilijua ni chini ya bati lipi alilala mzee asiyeweza kutembea? Jirani yake alijua.

Tunawalaumu wenye mitambo kwamba hawakutuonya, na mimi nililaumu. Lakini kama aliyeona kwa mbali ataulizwa alichokiona, aliyeona kwa karibu atajibu nini? Mlango wa pili kutoka kwako yuko nani leo, na ukitokea usiku wa kukimbia, nani atambeba?