Kristo Aliyeshika Tama

Kristo wa Perm, sanamu ya mbao kutoka Urusi, bado hajasulubiwa. Ameketi. Wameshampiga, wameshamvika taji la miiba, na sasa wamemwacha peke yake asubiri yanayokuja. Mkono mmoja umelala mapajani, wa pili ameuinua hadi shavuni, ameshika tama. Warusi humwita Kristo Gerezani. Katika vikanisa vya vijijini aliwekwa ndani ya kijibanda cha mbao, ili muumini amkute humo amefungiwa.

Nimemjua kwa picha tu, na kila nikimtazama hamu ya kuomba chochote huniisha. Kwetu, aliyeshika tama haulizwi maswali. Watu huvuta mkeka wakakaa naye, na kule kukaa ndiko faraja yenyewe. Kristo huyu hafundishi, hatendi muujiza, haonyeshi mbingu kwa kidole. Amechoka. Mchongaji aliujua uchovu huo vizuri sana: mabega yameshuka, mbavu zinahesabika. Uso nao ni wa watu wa huko, mashavu yamejitokeza na macho ni membamba, kama Wakomi na Watatari wanaoishi maeneo hayo ya Mto Kama, jirani na milima ya Ural. Nadhani mchongaji hakwenda mbali kutafuta sura ya Mungu aliyeteswa. Alimtazama jirani yake akirudi kutoka kazini.

Sanamu takatifu za mbao kama hiyo zipo takriban 400 katika jumba la sanaa la Perm. Kanisa la Orthodoksi limezoea picha takatifu zilizochorwa kwenye ubao. Za kuchongwa lilizitilia shaka, na mwaka 1722 Sinodi Takatifu ya Urusi ilizipiga marufuku makanisani. Kule msituni watu waliendelea kuchonga. Siwaoni kuwa waasi. Inasimuliwa kwamba waliwahi kuiletea sanamu ya Mtakatifu Nikolai viatu vipya, kwa kuwa usiku, waliamini, hutoka kwenda kwa wenye shida, na njia ndefu humaliza soli. Wasomi wa dini watakunja uso. Mimi naipenda mno imani inayofikiria miguu ya mtakatifu, na sijui kama nimewahi kumpenda mtakatifu yeyote kwa uangalifu wa namna hiyo.

Mwaka 1923 Nikolai Serebrennikov, mtaalamu wa sanaa, alianza kuzunguka vijijini kuzikusanya sanamu hizo. Serikali ya wakati ule haikutaka dini, na sanamu zisizo na mwenyewe zingeishia kuwa kuni. Zilipoandikwa kuwa kazi za sanaa, zikapona. Kwa miongo mingi zilihifadhiwa ndani ya kanisa kuu la zamani lililogeuzwa jumba la sanaa, kwa hiyo hata huko Kristo aliendelea kukaa kanisani.

Mbali sana mashariki, juu ya kilima mjini Magadan, kuna sura nyingine ya majonzi, kazi ya mchongaji Ernst Neizvestny iliyozinduliwa mwaka 1996. Ni uso wa zege wenye kimo cha mita 15, ukumbusho wa wafungwa waliopelekwa kambi za Kolyma enzi za Stalin. Jicho la kushoto linadondosha machozi, na kila chozi ni uso mdogo. Sanamu hii haina upole wa ile ya Perm, inatisha. Lakini nazihisi kuwa ni za ukoo mmoja, kwa sababu zote mbili zimekataa kumfichia mtu huzuni yake.

Hapo ndipo mapenzi yangu kwa Warusi yalipoanzia. Wakuu wa nchi wana urafiki wao, unaopanda na kushuka kwa masilahi. Huu wangu hauna mkataba. Watu walioweza kumketisha Mungu chini, achoke kama wao, nahisi ningeweza kukaa nao barazani bila lugha ya pamoja, na tusione haya kunyamaza.

Nikiwaombea, huanza na wachongaji. Wengi wao hawakuweka jina kwenye mbao, basi huwataja kwa kazi zao: yule wa mabega, yule wa mbavu. Kisha walioleta viatu. Kisha akina mama wa Urusi wanaomngoja mtoto asiyerudi, pamoja na akina mama wa upande wa pili wa vita wanaongoja vivyo hivyo. Kisha wale wa Kolyma waliozikwa bila alama, na hapo sala huwa ndefu.