Saumu ya Mwenye Kisukari

Mwaka 2001 watafiti waliwachunguza watu 12,243 wenye kisukari katika nchi 13 zenye Waislamu wengi ili kujua wanafanyaje Ramadhani inapoingia. Kati ya wenye kisukari cha aina ya pili, ile inayowapata zaidi watu wazima, karibu wanane katika kila kumi walifunga siku 15 au zaidi. Hata wenye aina ya kwanza, ambao bila insulini hawaishi, zaidi ya wanne katika kila kumi walifunga. Sukari kushuka kiasi cha mtu kulazwa hospitali kuliongezeka mara 4.7 kwa aina ya kwanza na mara 7.5 kwa aina ya pili, ikilinganishwa na miezi mingine.

Hakuna aliyewalazimisha. Katika Suratul Baqara, aya zilezile zinazofaradhisha saumu zinamtoa mgonjwa na msafiri, kisha zinataja kwamba Mwenyezi Mungu anawatakia waja wake wepesi, hawatakii uzito. Ruhusa imekuja pamoja na amri, mahali pamoja. Kwa nini basi watu wengi hivyo, waumini wa kweli, waikatae ruhusa ya Mola wao?

Wako wasiojua hatari. Lakini wengi wanaijua vizuri kuliko jirani zao, maana wameshawahi kuamkia wodini. Jambo lililo zito zaidi liko kwingine. Miezi kumi na mmoja mwenye kisukari hujinyima peke yake. Kwenye harusi hupewa sahani ya pilau akahesabu vijiko. Chai huletwa na sukari tayari ndani, akaonekana mwenye maringo anapoikataa. Halafu mwezi mmoja unakuja ambao mji mzima unajinyima pamoja naye. Kwa mara ya kwanza katika mwaka hayuko peke yake katika kujizuia. Hapo ndipo anapoambiwa kwamba mwezi huu, yeye ale.

Ndiyo maana mazungumzo mengi ya kliniki huishia pabaya. Daktari kijana humwambia mzee wake, "Bibi, wewe mwaka huu usifunge." Bibi hujibu, "Haya mwanangu, nimesikia." Kisha hufunga, na kwa kuwa ameshakubali kwamba hatafunga, hamwulizi mtu vidonge avigawe vipi. Anafunga bila ulinzi wowote.

Mwilini mambo huenda hivi. Mtu asipokula, ini hutoa akiba yake ya sukari ili ubongo usikose chakula, na kongosho la mtu mzima wa afya hupunguza insulini. Anayetumia dawa kama glibenklamidi hana nafasi hiyo, kwa sababu dawa inaendelea kulisukuma kongosho litoe insulini hata kama tumbo ni tupu. Alasiri ikifika, sukari inateremka: jasho, mikono kutetemeka, maneno kuchanganyika, na akichelewa kupewa kitu, kuzimia. Mwenye aina ya kwanza ana hatari nyingine pia. Akiiacha insulini kwa kuwa hali chakula, damu yake huanza kujaa asidi, na hali hiyo huua. Magharibi nayo ina yake. Mihogo ya nazi, tambi, kaimati zilizochovywa shira, viazi vitamu na juisi ya ukwaju, vyote kwenye mkeka mmoja, huipandisha sukari kwa saa chache kuliko ilivyopanda wiki nzima.

Hata hivyo si kila mwenye kisukari yuko hivyo, na hapa ndipo wanazuoni na madaktari walipokutana. Mwaka 2009, mjini Sharjah, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu liliwagawa wagonjwa wa kisukari makundi manne kwa kadiri ya hatari waliyonayo. Makundi mawili ya juu, kama mwenye sukari iliyoanguka vibaya hivi karibuni, mwenye figo zilizochoka au mjamzito anayetumia insulini, yalielezwa kwamba hayafai kufunga. Mawili ya chini, kama mtu ambaye sukari yake imetulia kwa chakula na metformini, hayakupewa udhuru huo. Jina la ugonjwa halikutosha kumhukumu mtu. Ilibidi atazamwe mwenyewe. Huu ni uamuzi wenye busara kubwa, na unastahili kusomwa kwenye kila msikiti wa pwani kabla mwezi haujaandama.

Tiba yenyewe iliwahi kudhani kwamba kadiri mtu anavyobanwa ndivyo anavyopona. Huko Marekani na Kanada, watu 10,251 wenye kisukari cha aina ya pili na moyo ulio hatarini waliingizwa katika utafiti, nusu yao wakisukumwa wafikishe wastani wa sukari wa miezi mitatu chini ya asilimia 6, sawa na mtu asiye na ugonjwa. Februari 2008 kubanwa huko kulisimamishwa kabla ya wakati. Upande wa waliobanwa walikuwa wamekufa 257, upande wa pili 203. Tangu hapo miongozo mikubwa imekuwa ikitaka lengo liwekwe kwa kumwangalia mgonjwa. Kijana anayetarajia kuishi miaka mingi na ugonjwa huu alenge chini. Mzee anayeishi peke yake, ambaye kuanguka kwake usiku kunaweza kuwa mwisho wake, akae karibu na asilimia 8 na aachwe apumue.

Kuna simulizi katika mkusanyiko wa Abu Daud kuhusu mtu aliyepasuka kichwa safarini kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu kwa udongo badala ya kuoga, wakamwambia hana maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume alipopata habari alikasirika sana, na lawama aliwatupia wale waliomnyima ruhusa bila ujuzi. Marehemu hakulaumiwa kwa neno. Mgonjwa alikuwa na imani ya kutosha. Kilichokosekana ni watu wa kando yake waliojua.

Watu wa kando ya mgonjwa wa leo ni sisi sote wa pwani, na hali yetu si nzuri. Zanzibar migahawa mingi hufungwa mchana wa Ramadhani, na polisi wamewahi kuwakamata watu kwa kula hadharani. Mtaani anayeonekana akitafuna huitwa kobe, na watoto humfuata wakimcheka. Mwenye sukari ya damu iliyoshuka mpaka milimoli 3 kwa lita anahitaji kitu kitamu dakika hiyo hiyo, pale alipo, kwenye daladala au sokoni Darajani. Asubiri kwanza afike chumbani ajifungie? Jamii inayomfanya mgonjwa aone aibu kumeza tende tatu mchana imemwondolea kwa mkono wake kitu ambacho Mungu amempa.

Mengi yanaweza kurekebishwa bila fedha nyingi. Miongozo ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari inataka mgonjwa aonane na daktari wiki sita hadi nane kabla, maana yake mwezi wa Rajabu, ili dawa zibadilishwe na saa zake zihamishwe. Swali la kwanza la daktari siku hiyo liwe, "Unanuia kufunga?" Kwetu karibu na ikweta mchana wa saumu ni saa 13 na kidogo mwaka mzima, tofauti na London ambako kiangazi hupita saa 17, kwa hiyo wapo wengi wanaoweza kufunga salama wakipangiwa. Kuchoma kidole ili kupima sukari hakufunguzi. Sindano ya insulini pia haifunguzi, na baraza hilohilo la fiqhi lilishasema mwaka 1997, huko Jeddah, kwamba sindano za ngozi na misuli zisizo za lishe hazibatilishi saumu. Kipimo kikisoma chini ya milimoli 3.9 kwa lita au juu ya 16.6, mtu afungue papo hapo, hata kama imebaki nusu saa adhana iadhiniwe.

Na yule asiyeweza kabisa, mwaka huu wala miaka ijayo, ana njia yake. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani, hutoa kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku aliyokula. Kibaba hicho kitolewe mbele ya wajukuu, naye aketi mkekani Magharibi pamoja na wengine, apokee tende yake na uji wa pilipili manga usiotiwa sukari, bila mtu kumwuliza mchana alikula nini.