Mbio za Wawili

Somo: Yohana 20:1–10



Asubuhi ile ya Pasaka Petro na yule mwanafunzi mwingine walikwenda mbio kaburini, na yule mwingine akamshinda Petro mbio. Habari kuu kuliko zote inakaribia kusimuliwa, naye mwandishi anakumbuka nani alitangulia! Mimi nafurahi sana kwamba neno hili limo katika Injili. Linatuonyesha watu wenye miguu na pumzi kama sisi, tena marafiki.

Nililikumbuka mwaka 2016, tulipokwenda kwa miguu kutoka Busia hadi Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Ni karibu kilomita 200. Rafiki yangu tangu shuleni, katekista wa Kanisa Katoliki, alikuwa njiani na kundi lake, nami na letu. Sote wawili tulikuwa tumepita miaka hamsini. Tangu siku ya kwanza tulishindana. Aliponipita alinivulia kofia. Nilipompita niliimba kwa sauti kuu. Mashahidi hao huhesabiwa 45, wetu 23 na wao 22, basi nikamwambia, "Katekista, tumewashinda kwa mmoja." Akajibu, "Hesabu ni yenu, Mchungaji, mwendo ni wetu," akaongeza hatua.

Sisemi kwamba kushindana kule kulikuwa dhambi. Bila yeye ningalipanda gari pale Bugiri. Jua lilikuwa la saa nane, magoti yamekataa, nami nilikwisha kutafuta nauli mfukoni. Nikauona mgongo wake mbele, nikasema, Hapana, si leo. Nikafika jioni kwa miguu yangu, jambo ambalo asubuhi nisingaliliamini.

Lakini baada ya Iganga nilitokwa na lengelenge kisiginoni, nikalificha. Kesho yake nikaondoka usiku, kundi letu likiwa bado limelala, ili niwe wa kwanza kuvuka Nile pale Jinja. Nikavuka wa kwanza kweli. Hapakuwa na mtu wa kuniona ila askari wa daraja, naye aliniambia nisisimame pale.

Siku iliyofuata nikatangulia tena. Katika msitu wa Mabira soksi ilikuwa imegandamana na damu, nikaketi kando ya barabara. Baada ya saa nyingi nikamwona katekista anakuja, polepole mno. Kichwani alikuwa na mzigo usio wake, na mkononi amemshika mama mmoja mzee wa kundi letu. Joto lilikuwa limemzidi mama yule asubuhi, akaanguka, na wenzake wakaniita huku na huku, wasinipate. Mchungaji wao alikuwa mbele akishinda.

"Nimekuletea kondoo wako," katekista akasema. Kisha akautazama mguu wangu. "Huu unauma tangu Iganga. Mbona hukusema?"

Nikamwambia kweli, kwamba niliona aibu kuwa wa pili. Hakunicheka. Alipiga magoti, akanivua soksi ile taratibu, akaniosha kwa maji yake ya kunywa. Mama akatazama, asiseme neno. Kimya chake kiliniuma kuliko kisigino.

Usiku ule nilisoma tena sura ya ishirini ya Yohana. Sikuwa nimeangalia vizuri mstari wa tano. Yule aliyefika kwanza aliinama, akachungulia, lakini hakuingia. Petro, wa pili, ndiye aliyeingia kwanza. Mbio alizishinda, na mlangoni akangoja.

Nikawaza pia juu ya tarehe 3 Juni 1886. Wakati ule wasomaji wa Kianglikana na wa Kikatoliki katika Buganda walikuwa wakibishana sana, wala si kwa mzaha kama sisi. Hata hivyo siku ile waliteketezwa pamoja pale Namugongo. Nani katika moto ule angalihesabu 22 na 23? Nikamwomba Mungu anisamehe mzaha wangu. Katekista yeye alisema mzaha hauna neno, ila miguu yangu haina akili.

Kutoka Mabira tulikwenda kwa mwendo wa mama. Tulifika Namugongo tarehe 2 Juni jioni. Huko mahali pa ibada ni pawili, pao na petu, na ilitupasa kuagana njiani. Nikamwambia katekista, "Tangulia wewe." Akasema, "La, Mchungaji, wewe kwanza." Tukasimama pale tukibishana, hata mama akachoka kutungoja, akatangulia yeye.