Kivuli cha Mfadhili

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Aghalabu methali hii hutumiwa katika habari za mali na chakula. Lakini yafaa tujiulize kama haiihusu kalamu pia. Je, mwandishi anayelindwa kwa hisani ya mkubwa yu huru kweli? Na mkubwa huyo, akisha kumlinda, amekwisha kutimiza wajibu wake?

Tuyatazame maisha ya Marguerite, malkia wa Navarre, aliyezaliwa Angoulême, Ufaransa, mwaka 1492. Zama zake zilikuwa zama za ufufuko wa elimu na sanaa katika Ulaya, ambapo wataalamu walivisoma upya vitabu vya kale na kuyahoji mafundisho yaliyozoeleka. Nduguye, François wa Kwanza, alikuwa mfalme wa Ufaransa tangu mwaka 1515. Akiwa chini ya mbawa za nduguye huyo, Marguerite aliwafungulia wasomi milango. Mshairi Clément Marot alikuwa mmoja wa watumishi wa nyumba yake. Mzee Lefèvre d'Étaples, aliyeitafsiri Biblia kwa Kifaransa, alipata hifadhi kwake Nérac, akafia huko mwaka 1536. Naye Rabelais alimtolea tabaruku kitabu chake cha mwaka 1546.

Malkia huyu alikuwa mwandishi pia. Shairi lake la toba, lililochapishwa mwaka 1531, lilitiwa na wanazuoni wa dini wa Paris katika orodha ya vitabu vya kushukiwa mwaka 1533. Mfalme aliingilia kati, nao wakarudi nyuma. Mwaka 1544 shairi hilo hilo lilitafsiriwa kwa Kiingereza na msichana wa miaka 11, Elizabeth, ambaye baadaye alikuwa malkia wa Uingereza.

Hata hivyo, nguvu iliyomwokoa Marguerite haikuwa yake; ilikuwa ya nduguye. Louis de Berquin, mfasiri wa Erasmus, alifunguliwa mwaka 1526 baada ya Marguerite kumwombea kwa mfalme. Mwaka 1529, mfalme akiwa hayupo Paris, Berquin alihukumiwa na kuchomwa moto upesi upesi. Mwaka 1534 mfalme mwenyewe aliwageukia wanamageuzi kwa hasira, na Marot akalazimika kukimbia. Tena, mwaka 1541, mfalme alipotaka Jeanne, binti wa Marguerite mwenye umri wa miaka 12, aolewe na mtawala wa Cleves, mama alimshurutisha mwanawe kutii, ingawa mtoto alikataa na kuandika hati ya kupinga. Ndoa hiyo ilibatilishwa mwaka 1545.

Je, tumlaumu? Wako watakaosema kwamba alifanya aliloliweza, ilhali wengi wa cheo chake walinyamaza. Maneno hayo ni ya haki. Aliyechomwa na jua haulizi kivuli ni cha mti gani, na vitabu vilivyoandikwa chini ya kivuli kile vingali vinasomwa hata leo. Lakini kivuli si nyumba: jua likigeuka, nacho huhama. Aliyekuwa salama asubuhi hujikuta juani adhuhuri, na yule asiyejuana na malkia hakukipata tangu mwanzo.

Kwa hiyo naona kwamba hisani ni wema, lakini haiwezi kushika nafasi ya haki. Mfadhili mwema huutimiza wajibu wake pale anapotamani siku ambayo hatahitajiwa tena, siku ambayo sheria itamlinda hata asiye na wa kumwombea.

Sisi walimu tusilione jambo hili kuwa la wafalme tu. Kila darasa lina mtawala wake mdogo. Mwanafunzi anayethubutu kuandika wazo lisilotupendeza, analindwa na kanuni inayowahusu wote, ama anangojea tu tuamke na moyo mkunjufu?