Lawama ya Majina

Jina huweza kuwa hukumu iliyotangulia kesi. Mwaka 1869 wataalamu wa Uingereza waliletewa majani ya mibuni kutoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Upande wa chini yalikuwa yamepakwa vumbi la rangi ya chungwa. Ilikuwa ni kuvu, nao wakaiita kwa Kilatini Hemileia vastatrix. Neno la pili maana yake ni mharibifu.

Baharini naye yuko mwenye jina la kutisha: papa upanga. Ingawa huitwa papa, huyu ni wa ukoo wa taa. Matamvua yake yako chini ya mwili, si ubavuni. Pua yake ndefu iliyo bapa ina meno kulia na kushoto.

Je, ni yupi kati ya hawa mwovu? Kuvu haina nia. Upepo huichukua, nayo huota pale inapoangukia. Waliopanda mibuni mitupu, kilima hadi kilima, ndio walioitandikia jamvi. Harry Marshall Ward, aliyeuchunguza ugonjwa huo kisiwani humo kati ya 1880 na 1882, alilitambua hilo. Lakini kahawa ilizidi kufa, na chai ikashika nafasi yake.

Papa upanga naye huponzwa na silaha yake mwenyewe, kwani meno yale hunasa upesi katika nyavu. Huzaa wana wachache, nao huchukua miaka mingi kukomaa. Mwaka 2007 mataifa, chini ya mkataba wa CITES, yalizuia karibu biashara yote ya kimataifa ya samaki huyu. Hata hivyo, angali ukingoni mwa kutoweka. Katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako wazee walimjua, kijana mvuvi huenda asimwone maishani.

Itasemwa kuwa mkulima aliyefilisika ana haki ya kuipiga vita kuvu. Ni kweli, lakini kujikinga si kuhukumu. Hatia humtaka mwenye hiari, na hapa mwenye hiari ni mmoja tu: yule aliyelipanga shamba na kuutega wavu. Naye ndiye pekee asiyejipa jina la lawama. Nyani haoni kundule.

Mbuni uliokufa Ceylon waweza kupandwa tena penginepo. Papa upanga akitoweka, upanga uliotundikwa ukutani hautazaa mwingine.