Sidii Isiyofungwa

Marehemu baba alituhadithia nyumbani kwetu Ruwi, Omani, rekoda ya sidii ikizunguka: walivyoondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, karafuu zikiwa bado juani. Akafariki hatujaifunga sidii.

Juzi mtoto wa kaka yangu kaitia kwenye deki. "Ami, tupu hii."

Nikaielekeza dirishani. Kando ya tundu la kati pana utepe uliokoza rangi, upana wa kidole. Sauti huchomwa kutoka ndani kwenda nje. Basi kitu kimo. Kinachokosekana ni fahirisi ya mwanzo, ambayo huandikwa siku ya kufunga. Deki huitafuta hiyo kwanza. Ikiikosa, huamua hakuna kitu. Rekoda ina mahali pake kwenye sidii pa kuweka orodha ya muda, kwa hiyo inakijua ilichokiandika.

Baba alinuia kulizuru kaburi la mama yake Unguja, hakujaaliwa. Sisi watu ni madeki: twauliza alimaliza nini. Mola aliyeandika huisoma nia.

Lakini sidii ikishafungwa haiongezwi neno. Nasi tumefundishwa kuwa amali hukatika kwa mauti, ila sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema amwombeaye mzazi.

Nikawasha rekoda. Baba akakohoa, akaanza, "Bismillahi." Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufunga. Sikukibonyeza. Kwanza niende kwa bibi, nimfikishie salamu; nikirudi nitayasimulia hayo mwishoni, ndipo nifunge.